Kadi ya Wi-Fi iliyowatesa waunda Mac wa nyumbani

Kwa miaka mingi, kwenye maduka ya mtandaoni ya vipuri vya kompyuta, kadi za Wi-Fi zilizong'olewa kwenye iMac za mwaka 2013 zilikuwa na wateja wake wasiokosekana, hata pale kadi mpya zenye kasi kubwa zaidi zilipokuwa zimejaa sokoni. Wengi wa wateja hao hawakuwa na iMac. Walikuwa watu waliojiundia kompyuta wenyewe, ubao mama wakanunua huku, prosesa kule, kisha wakapakia macOS, mfumo endeshi ambao leseni ya Apple inaruhusu utumike kwenye mashine zenye nembo ya Apple peke yake. Mashine ya namna hiyo huitwa Hackintosh. Prosesa ikishakubali, picha ikishatokea na sauti ikishasikika, bado kilibaki kijikadi kisichojaza kiganja, na hicho ndicho kilichoamua kama fundi amepata Mac au sanamu ya Mac.

Chanzo cha tabu hiyo kiko mbali kidogo, kwenye kaunta za madukani.

Mwaka 1985, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu watu watumie bila leseni masafa kadhaa ya redio kwa mawasiliano, yakiwemo yale ya gigahezi 2.4. Kampuni ya NCR, iliyokuwa ikitengeneza mashine za kuhesabia fedha madukani, ikaona nafuu. Kila duka lilipobadili mpangilio wa kaunta ilibidi sakafu au dari ifukuliwe ili kupitisha waya upya. Wahandisi wake wa mji wa Nieuwegein, Uholanzi, wakatengeneza kifaa cha redio walichokiita WaveLAN. Mwenzao Vic Hayes akaongoza kamati ya taasisi ya IEEE iliyoandika kanuni ya 802.11, msingi wa Wi-Fi, ambayo ilitoka mwaka 1997. Kufikia wakati huo kazi ile ilikuwa imehamia mikononi mwa kampuni ya Lucent, na ni Lucent ndiyo iliyofanya biashara na Apple.

Tarehe 21 Julai 1999, kwenye maonyesho ya Macworld jijini New York, Steve Jobs alinyanyua iBook iliyokuwa imefungua ukurasa wa intaneti, akatembea nayo jukwaani, kisha akaipitisha ndani ya hula hupu ili watu waone kwa macho yao kwamba hakuna waya. Mwenzake Phil Schiller aliruka kutoka juu hadi kwenye godoro akiwa ameshika iBook iliyokuwa ikirusha vipimo vya anguko lake. Ilikuwa sarakasi, lakini ilifanya kazi yake. Kadi yenyewe iliitwa AirPort, iliuzwa dola 99 na ilipitisha megabiti 11 kwa sekunde. Redio iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya Lucent.

Huo ndio mtindo ambao Apple iliendelea nao. Redio ilinunuliwa kwa watu wengine, ikapewa jina la Apple, ikaandikiwa na draiva ya Apple, yaani ile programu inayouwezesha mfumo endeshi kuzungumza na kifaa. Mwaka 2003 ikaja AirPort Extreme yenye chipu ya Broadcom na megabiti 54. Mwaka 2005 Jobs alitangaza kwamba Mac zingehamia kwenye prosesa za Intel, na za kwanza zilipotoka Januari 2006 ndani yake kulikuwa na kadi za Atheros. Baadhi ya Mac zilizouzwa mwishoni mwa mwaka huo zilikuwa tayari zina uwezo wa 802.11n, toleo la kasi zaidi la kanuni ile, ila uwezo huo ulikuwa umefungwa. Mwaka 2007 Apple ikauza programu ya kuufungua kwa dola 1.99 na kusema ni kanuni za uhasibu zilizoilazimu kutoza. Wateja wakalipa ili watumie kitu kilichokuwa tayari ndani ya mashine waliyokwisha kuinunua.

Kuhamia Intel ndiko kulikozaa Hackintosh. Mac na kompyuta ya kawaida zilikuwa sasa na prosesa za aina moja, na haukupita muda mrefu watu wakafaulu kuwasha Mac OS X, kama macOS ilivyoitwa wakati huo, kwenye mashine ambazo hazikutoka Apple. Wapo waliotaka kuifanya biashara. Psystar ya Florida ilianza mwaka 2008 kuuza kompyuta zenye Mac OS X ndani. Apple ikaipeleka mahakamani mwaka huohuo, na Novemba 2009 Jaji William Alsup akaamua kwa upande wa Apple. Waliobaki ni wapenzi wa kazi hiyo, wakiunda mashine zao nyumbani na kupeana maarifa bure.

Hao walikutana na ukuta wa kadi. Windows na Linux hujitahidi kuzikubali kadi za kila kampuni, kwa sababu haijulikani zitapakiwa kwenye mashine gani. macOS haina haja hiyo. Draiva yake ni kama bawabu wa ukumbi wa harusi aliyepewa orodha ya waalikwa: husoma namba ya utambulisho iliyoandikwa ndani ya chipu, na namba isiyokuwemo hairuhusiwi kupita, hata kama kadi ni mpya na ina nguvu. Kompyuta mpakato nyingi za Windows zilikuja na kadi za Intel. Apple haikuwahi kuweka Wi-Fi ya Intel kwenye Mac, kwa hiyo haikuiandikia draiva, na kwa miaka mingi kadi ya Intel ndani ya Hackintosh ilikuwa mzigo tu.

Mwanzoni Atheros ndiyo ilikuwa kimbilio. Kadi zenye chipu kama AR9280 zilitambuliwa papo hapo na zilipatikana kirahisi. Lakini mwaka 2011 mfumo wa Lion ulileta AirDrop, ya kurushiana mafaili hewani, na mwaka 2014 Yosemite ikaleta Handoff, inayomwezesha mtu kuanza barua kwenye simu na kuimalizia kwenye kompyuta. Handoff ilihitaji Bluetooth ya kizazi cha 4.0 ifanye kazi bega kwa bega na Wi-Fi. Kupata intaneti peke yake kukawa hakutoshi tena. Mtu aliyekesha akiunda Mac alitaka picha ziruke kutoka kwenye iPhone yake bila kubembelezwa.

Hapo ndipo kadi ya iMac ya 2013 ilipopanda chati. Jina lake ni BCM94360CD, kazi ya Broadcom, ikiwa na antena 3 za Wi-Fi na 1 ya Bluetooth. Kwa kuwa ni kadi ya Apple halisi, macOS iliipokea bila kuuliza. Tatizo lilikuwa mdomo wake: Apple iliipa umbo la pini lisiloingia kwenye ubao mama wa kawaida. Wachina wakaona soko. Yakatoka madaraja ya kuiunganisha na PCIe, nafasi ya kuchomeka kadi kwenye ubao mama, kisha kampuni ya Fenvi ikatengeneza FV-T919, kadi kamili ya kompyuta ya mezani yenye chipu hiyohiyo, ukichomeka tu na kufunga skrubu. Kwa maoni yangu hakuna kipuri kilichowapunguzia waunda Hackintosh usumbufu kama hicho. Bado wengi walikwama kwenye kawaya kembamba: Wi-Fi hupita kwenye PCIe, ila Bluetooth hupita USB, kwa hiyo lazima waya mdogo utoke kwenye kadi uende kwenye pini za USB za ubao mama. Aliyeusahau alipata intaneti safi na kipanya kisichounganika.

Kwenye kompyuta mpakato mambo yalikuwa magumu zaidi. Baadhi ya ThinkPad za zamani zilikuwa na orodha zake zenyewe za kadi ndani ya BIOS, programu inayoiwasha mashine. Ukiweka kadi ya kigeni, mashine iligoma kuwaka na kuonyesha kosa namba 1802, kadi isiyoruhusiwa. Zilizokubali ziliwekewa zaidi DW1560, kadi ya Dell yenye chipu ya Broadcom BCM4352. Hiyo haikuwa ya Apple, hivyo ilihitaji wasaidizi wawili: AirportBrcmFixup ya kuishawishi draiva, na BrcmPatchRAM ya kuipakia Bluetooth programu yake kila kompyuta inapowaka. Kulikuwa pia na suala la nchi. Kadi hubeba alama ya nchi, na alama hiyo huamua ni chaneli zipi za gigahezi 5 zinaruhusiwa; kadi yenye alama isiyolingana na ruta za jirani ingeweza kukosa baadhi ya chaneli.

Mwaka 2018 toleo la macOS la Mojave lilipotoka, draiva ya Atheros haikuwemo tena. Waliokuwa na Atheros walilalamika, lakini ukiangalia Mac ambazo Mojave ilizikubali, sababu inaonekana: zilikuwa zimehamia Broadcom. Apple ilikuwa inafagia nyumba yake tu. Tangu hapo aliyechagua kadi kwa busara alijiuliza swali moja kabla ya kasi na bei: ni Mac gani ya mwisho iliyobeba chipu hii, na Apple itaiacha lini?

Mwaka 2020 mlango mwingine ulifunguka. Mradi wa OpenIntelWireless, ukitumia msingi wa draiva ya mfumo endeshi huria wa OpenBSD, ulitoa draiva ya itlwm, na hatimaye zile kadi za Intel zilizokuwa zimelala zikaamka ndani ya macOS. AirDrop haikuja nayo, kwa kuwa inategemea njia ya mawasiliano ambayo Apple imeijenga ndani ya draiva zake yenyewe. Aliyetaka intaneti tu akapumua. Mwaka huohuo, mwezi Juni, Apple ilitangaza kwamba Mac zinaachana na prosesa za Intel.

Zamu ya Broadcom ilifika mwaka 2023. Toleo la macOS la Sonoma liliziacha iMac za 2017, na draiva za kadi kama BCM94360 zikaondoka nazo. FV-T919 iliyokuwa ikipendekezwa kila kona ikawa kimya baada ya kusasisha mfumo. Waandishi wa OpenCore Legacy Patcher, programu iliyoandikwa kwa ajili ya Mac halisi zilizozeeka, walipata njia ya kurudisha draiva zilizoondolewa, na wenye Hackintosh wakaiazima. Gharama yake ni kulegeza sehemu ya ulinzi wa macOS, na kurudia kazi hiyo baada ya masasisho. Wengine waliona heri wabaki na Ventura, toleo lililotangulia Sonoma.

Juni 2025 Apple ilisema Tahoe ndiyo macOS ya mwisho kwa Mac za Intel. Miezi 3 baadaye ilizindua iPhone 17 ikiwa na N1, chipu ya Wi-Fi na Bluetooth iliyobuniwa na Apple yenyewe. Lucent, Atheros na Broadcom waliuza redio zao kwa yeyote aliyetaka kununua. N1 haiuzwi kwa mtu mwingine, wala haiji kama kadi ya kufungua kwa bisibisi.