Gharama za Pamoja: Istilahi ya Bajeti Inayostahili Kueleweka

Karibu na mwisho wa bajeti ya andiko la mradi, chini ya mishahara, semina, nauli na vifaa, huwa kuna mstari unaoitwa "gharama zisizo za moja kwa moja". Wahasibu wameuzoea. Lakini jina hilo linataja kile ambacho gharama hizo si, halisemi zinalipia nini. Mjumbe wa bodi akilisoma hapati picha yoyote, na bajeti inapobana, mstari usioeleweka ndio unaokatwa kwanza.

Gharama ya moja kwa moja ni ile inayoangukia mradi mmoja waziwazi: mabomba ya kisima, au posho ya wahudumu wa afya wanaotembelea kaya. Ila shirika lenye mradi wa maji, wa elimu na wa lishe huwa na mhasibu mmoja anayeandaa vocha za yote mitatu, ofisi moja yenye pango na umeme, na mkaguzi wa nje anayepitia vitabu vyote kila mwaka. Ukiubebesha mradi wa maji mzigo huo peke yake, umeudhulumu. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani nazo zinafafanua gharama zisizo za moja kwa moja hivyo: ni gharama za lengo la pamoja, zinazonufaisha shughuli zaidi ya moja, na zisizogawanyika kirahisi.

Ndiyo maana napendekeza tuziite gharama za pamoja. Wengine husema gharama za utawala, jina linaloacha nje umeme na pango. Wengine husema gharama za uendeshaji, lakini humo huingia hata mafuta ya gari la mradi, ambayo ni gharama ya moja kwa moja. "Pamoja" linataja sababu yenyewe ya gharama hizi kuwekwa kando: miradi yote inazitegemea.

Kuelewa jina kunasaidia kupiga hesabu. Chini ya kanuni hizo za Marekani, shirika ambalo halijakubaliwa kiwango chake maalumu liliruhusiwa kudai asilimia 10. Kwa ruzuku za kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, kiwango kilipanda hadi asilimia 15. Umoja wa Ulaya, katika ruzuku zake kwa nchi za nje, kwa kawaida hauvuki asilimia 7. Waandishi wengi wa maandiko hukosea pale wanapochukua asilimia hiyo ya Marekani kwenye jumla nzima. Tuseme gharama za moja kwa moja ni shilingi milioni 260, na ndani yake kuna gari la milioni 60. Kanuni za Marekani huliondoa gari hilo kwanza, kwa kuwa ni kifaa cha thamani kubwa. Inabaki milioni 200, na asilimia 15 yake ni milioni 30, si milioni 39.

Kuogopa mstari huu kuna madhara. Mwaka 2009, Ann Goggins Gregory na Don Howard walieleza katika jarida la Stanford Social Innovation Review jinsi mashirika yanavyojidhoofisha: wafadhili hutarajia gharama ndogo kupita kiasi, mashirika yanajibana na kuripoti pungufu ya ukweli, kisha taarifa hizo zinawathibitishia wafadhili kwamba kidogo kinatosha. Matokeo yake ni mifumo duni ya hesabu na wafanyakazi wasiopata mafunzo.

Kwenye jedwali la bajeti, fuata istilahi ya mfadhili. Kwenye maelezo, andika gharama za pamoja, taja kila kilichomo, na onyesha mradi huu unabeba fungu gani. Mfadhili anayedai stakabadhi za kila shilingi anahitaji mtu wa kuzitunza na kabati la kuzihifadhi. Kuomba fedha za mtu huyo na kabati hilo ni sehemu halali ya kuomba fedha za kisima.