Baba Yetu: Ngoma ya Kiswahili Iliyotoka Kwenye Gemu Ikabeba Grammy

Mtoe mtu yeyote Kariakoo, muulize Baba Yetu kaimba nani. Mmoja atasema kwaya ya Sauzi, mwingine atasema Wakenya, wa tatu atakwambia yeye anaijua tu, basi. Na si kosa lao. Nyimbo nyingi zinatufikia kwa kurushiana kwenye simu na memori kadi, na huko jina la mtunzi ndilo linalodondoka la kwanza, unabaki na "Track 01".

Sasa leo tuyaokote hayo majina.

Kwanza kabisa, ngoma hii haikutoka kanisani. Imetoka kwenye gemu ya kompyuta inaitwa Civilization IV, ya mwaka 2005. Unaanza na kijiji, unajenga miji, unapigana na majirani, mpaka unafika zama za kurusha vyombo angani. Ukiifungua tu, ukiwa bado kwenye menyu, sauti zinaanza. Sala ya Bwana, Kiswahili kitupu.

Ilifikaje huko? Kiongozi wa waliobuni gemu ile, Soren Johnson, alikuwa mshikaji wa Christopher Tin tangu chuo. Walilala chumba kimoja pale Stanford, Marekani. Johnson alipotaka muziki wa kufungulia gemu, akamfuata mshikaji wake. Tin ni Mmarekani mwenye asili ya China. Ndiyo, aliyetunga muziki wa Baba Yetu si Mswahili.

Sasa hapa ndipo pananogea. Gemu kubwa, hasa zile za majoka na wachawi, zina mtindo wao: orkestra nzito, ngoma, halafu kwaya inayoimba maneno ambayo mchezaji hayaelewi. Final Fantasy VII ya 1997 ina wimbo wa kwaya kwa Kilatini. Skyrim ya 2011 kwaya yake inaimba lugha ya majoka iliyotungwa kwa ajili ya gemu hiyo. Lugha inatumika kama ala. Inakusisimua, imetosha.

Kwa wachezaji wengi wa Marekani na Ulaya, Kiswahili cha Baba Yetu nacho kilifanya kazi hiyohiyo. Kilikuwa sauti nzuri ya mbali. Ila sisi tunasikia maneno, na ukitega sikio utagundua sentensi ya sala imekatwakatwa. Neno "yetu" linarudiwa pale ambapo mtu anayesali hawezi kulirudia. Maneno yanafuata mdundo, sarufi inasubiri nje. Muundo wenyewe lakini ni wa nyumbani kabisa: mmoja anatoa, kundi linajibu, ngoma zinashika chini. Kila kwaya ya mtaani inaujua huo mchezo. Tin kauchukua, kauwekea orkestra juu.

Kuna jina lingine ambalo watu hulipita: Chris Kiagiri. Yeye ndiye aliyeyapanga maneno ya Kiswahili. Na sauti za kwenye gemu ni za Ron Ragin pamoja na Talisman, kundi la kuimba bila vyombo la hapohapo Stanford. Wale wa Sauzi, Soweto Gospel Choir, walikuja baadaye, kwenye albamu ya Tin ya 2009, Calling All Dawns, wakiwa na Royal Philharmonic Orchestra ya London. Albamu ile ina nyimbo 12 kwa lugha 12, na inafunguliwa na Kiswahili.

Februari 2011 Baba Yetu ikachukua Grammy, kipengele cha upangaji wa muziki unaosindikiza waimbaji. Ndiyo kazi ya kwanza iliyotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo hiyo. Usiku huohuo albamu nayo ikabeba yake. Hata Dubai, wanakokwenda watu wetu kufuata mzigo, maji ya ile chemchemi chini ya Burj Khalifa yamewahi kuchezeshwa kwa ngoma hii.

Lakini tuzo ya upangaji anapewa mpangaji. Kwa hiyo dunia inamjua Tin, na ni haki yake, kazi kaifanya. Ila yule aliyeshughulika na lugha yetu unampata kwenye maandishi madogo.

Na hili si geni kwetu. Malaika, Fadhili William aliirekodi Kenya, Miriam Makeba akaizungusha duniani, na mpaka leo watu wanabishana kama mtunzi ni Fadhili au Adam Salim. Tofauti ni kwamba ya Kiagiri imeandikwa. Ni ndogo, lakini ipo, hakuna atakayekuja kuibishia.

Kwa hiyo wewe prodyuza uliyejifungia chumbani na kompyuta yako, kabla hujaituma biti, andika nani kapiga, nani kaimba, nani katunga maneno. Ngoma inaweza kufika Grammy. Jina lisipoandikwa, linaishia Msimbazi.

Na wewe, Baba Yetu uliisikia wapi mara ya kwanza: kanisani, harusini au kwenye gemu? Tupia hapo chini.