Warohingya: kwa nini dawa peke yake haiwatoshi

Jina la Rohingya tunalisikia kwenye taarifa ya habari halafu linapita. Ni Waislamu wa jimbo la Rakhine, nchini Myanmar (zamani Burma). Sheria ya uraia ya mwaka 1982 iliwaacha wengi wao bila nchi. Agosti 2017 jeshi lilianza operesheni, vijiji vikachomwa, na watu zaidi ya laki 7 wakavuka mpaka kuingia Bangladesh ndani ya miezi michache tu. Wengi wako Cox's Bazar, kwenye kambi ya Kutupalong, kubwa kuliko zote duniani.

Sasa sikia hii. Mwishoni mwa 2017 kambini kulizuka dondakoo. Ule ugonjwa wa koo ambao mtoto huchanjwa akiwa mchanga, angalia kadi yako ya kliniki kama mama bado anayo. Ulishaanza kusahaulika sehemu nyingi za dunia, lakini hawa kule kwao huduma za afya walikuwa hawazipati vizuri, chanjo hawakupata. Kipindupindu ndo kilizuiwa, maana chanjo ya matone iligawiwa mapema, Oktoba 2017.

Tatizo ni msongamano. Vibanda ni vya mianzi na maturubai, vimebanana juu ya vilima vilivyofyekwa miti. Mvua ikinyesha udongo unaporomoka. Moto wa Machi 2021 uliwaacha watu kama elfu 45 bila pa kulala. Upele nao unarukia familia nzima: unaweza kumpaka dawa mtoto leo, lakini kama analala na wenzake sita na maji ya kufulia hayatoshi, wiki ijayo anajikuna tena. Na uchunguzi wa mwaka 2023 wa Madaktari Wasio na Mipaka ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 5 ana homa ya ini aina ya C.

Chakula je? Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani liliishiwa hela, mgao ukashuka kutoka dola 12 kwa mwezi hadi 10, halafu 8. Yaani kama senti 27 kwa siku! Ulipandishwa tena 2024. Na usiseme wakatafute vibarua, kufanya kazi nje ya kambi hawaruhusiwi.