Tatu kwa mbili: Singida na fainali zake

Huku chuo mambo ni yale yale, tunasubiri majaribio na maktaba ghafla haina kiti. Leo saikolojia ya elimu naiweka pembeni, nataka niandike historia kidogo. Sio ya Vita ya Majimaji, hiyo mmeshaimeza sana sekondari. Nataka niandike ya kwetu Singida, na hasa jinsi watu wa kwetu walivyoishi na fainali walizofungwa.

Nimepata wazo hili baada ya kubishana bwenini na jamaa mmoja wa Yanga. Alikuwa analia na mwaka 2023. Mnakumbuka: fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tarehe 28 Mei Yanga wakafungwa 2-1 na USM Alger pale kwa Mkapa, tarehe 3 Juni wakaenda Algiers wakashinda 1-0. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa sababu ya goli la ugenini. Kwa kweli inauma, sibishi. Mtu wa Simba naye akadakia na ya 1993: sare ya bila kufungana Abidjan, halafu nyumbani Dar, na Rais Mwinyi yupo uwanjani, Stella wakawapiga 2-0. Hao wote nawapa pole. Ila nikawaambia, ninyi mlifungwa mkarudi nyumbani mkaikuta klabu yenu ipo. Sisi tulifungwa fainali, halafu baadaye na timu yenyewe hatukuiona tena!

Nianze mwanzo. Singida United walirudi Ligi Kuu mwaka 2017. Kocha akawa Mholanzi Hans van der Pluijm, aliyewahi kuifundisha Yanga, na magazeti yakawabatiza Walima Alizeti. Kwa sisi wa Mwankoko, ambao mjini wanatujua zaidi kwa visima vya maji, ilikuwa kama ndoto. Uwanja wa Namfua tulikuwa tukipita nje tukienda sokoni, sasa Simba na Yanga zinakuja kucheza pale pale.

Tarehe 1 Aprili 2018 Yanga wakaja kwenye robo fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini. Ikaisha 1-1, tukawatoa kwa penalti. Jamani, mtu asiyejua Singida hawezi kuelewa siku ile. Kwetu karibu kila nyumba ina Simba na Yanga kabla haijawa na kitu kingine. Baba Yanga, mjomba Simba, mama hana timu ila anajua nani kanuna. Siku ile baba wa Yanga alipaswa kuchagua, na wengi hawakuchagua. Walishangilia upande mmoja wakahuzunika upande wa pili, kimya kimya.

Fainali ikapangwa Jumamosi ya tarehe 2 Juni 2018, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, dhidi ya Mtibwa Sugar. Kutoka Singida unapita Katesh chini ya mlima Hanang, unapita Babati, unakwenda mpaka Arusha. Waliokuwa na nauli walikwenda. Sisi wengine tulibanana kwenye kibanda umiza. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo wengi pale walikuwa na saumu na hakuna wa kununua hata soda. Mshindi anapata kombe na tiketi ya kucheza Afrika.

Mtibwa 3, Singida 2.

Sasa hapa ndipo somo lilipo. Ukifungwa tano bila, unatukana kipa, unalala. Ukifungwa goli moja kwenye fainali unaanza hesabu. Kijiweni kwetu hesabu zile zilidumu wiki nyingi: kama beki angeruka, kama refa angeona, kama ule mpira ungepita kulia kidogo. Kila mtu alikuwa na "kama" yake na hakuna aliyetaka kuiachia. Zamani nilidhani ni kupoteza muda. Siku hizi naona ndiyo ilikuwa njia yao ya kuomboleza. Kwenye msiba wa kwetu watu hukaa wakarudia kusimulia jinsi marehemu alivyoumwa, nani alikwenda dukani, nani alipiga simu. Marehemu harudi, lakini wafiwa wanapumua.

Dawa ya pili ilikuwa utani. Wa Yanga tuliowatoa kwa penalti walilipiza kisasi bila huruma: rudini mkakamue alizeti, kuku wenu wako salama hakuna sherehe. Ukicheka nao umepona nusu. Ukinuna, utaitwa Mtibwa mpaka Idi.

Dawa ya tatu ilikuwa kurudi kwenye timu kubwa. Simba walikuwa mabingwa wa ligi msimu ule, basi wa Simba wakajifutia machozi huko. Hii dawa ilifanya kazi haraka, ila mimi naiona ilikuwa na sumu ndani yake. Pluijm akaenda Azam. Timu ikaanza kuyumba. Mwaka 2020, miaka miwili tu baada ya Arusha, Singida United wakashuka daraja, na mtaani kwetu sikumbuki msiba. Machozi yalishakwisha kwenye 3-2, na kila mtu alikuwa na timu nyingine ya kukimbilia.

Kilichofuata kinataka daftari. Mwaka 2022 ikapanda DTB, ikaitwa Singida Big Stars, na Namfua ikawa Liti. Januari 2023 wakafika fainali ya Kombe la Mapinduzi Zanzibar, wakafungwa na Mlandege. Ngapi? 2-1, goli moja tena! Mwaka huo huo wakaitwa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 neno Singida likaondolewa na timu ikahamia Babati, ile ile Babati tuliyoipita kwenda kufungwa Arusha. Na Ihefu ya Mbeya ikahamia kwetu ikawa Singida Black Stars. Juni 2025 fainali ya Kombe la Shirikisho tena, Zanzibar, Yanga wakatupiga 2-0.

Mnaona? Fainali tatu, na kila moja Singida ilikuwa na klabu nyingine. Kwa karatasi hizo ni historia za klabu tatu tofauti, haziungani. Aliyeziunganisha ni shabiki. Kwenye kijiwe cha Mwankoko nimewasikia watu wazima wakizihesabu kwa mfululizo, Arusha, Mapinduzi, Amaan, kama vile ni timu moja iliyobadilisha shati. Wamiliki wanaweza kuuza leseni, lakini kile kidonda cha 3-2 hakikuuzwa, kilibaki kwa watu.

Ndiyo maana tarehe 15 Septemba 2025, Singida Black Stars walipoifunga Al Hilal ya Sudan 2-1 na kubeba Kombe la Kagame, simu nilizopigiwa kutoka nyumbani hazikuzungumzia Al Hilal kabisa. Zilizungumzia Mtibwa. Miaka saba baadaye!

Mimi nasomea ualimu wa historia, na ninaambiwa kila siku kwamba historia inahitaji vyanzo. Singida United haina kabati la makombe ninalolijua. Vyanzo vyake ni hao wazee wa kijiweni, na wanaanza kupungua. Nikienda likizo nachukua daftari. Wadau wa Singida mliokuwepo Arusha siku ile, niandikieni mlichokiona, hasa zile "kama" zenu. Nazitaka zote, hata za uongo kidogo.

Haya, narudi kwenye saikolojia. Wikiendi njema.