Kabla Hajaitwa Mama Lishe

Niseme wazi kwamba jina la "mama lishe" halinipendezi. Linanuka ofisi. Sisi tuliokula Kariakoo miaka ya 1970 na 1980 tulimwita mama ntilie, na jina hilo hakulitunga afisa yeyote, lilitoka vinywani mwa wateja. Mtu alifika na njaa yake, akaketi kwenye benchi, akasema: "Mama, n'tilie." Aliyepungukiwa na fedha naye alisema hivyo hivyo, akatiliwa: wali, maharage, mchuzi wa samaki, na ukoko kama umeomba kwa adabu. Deni lilikaa kichwani mwa mama. Daftari hakuwa nalo.

Haikuwa kazi ya amani. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya Nguvukazi, na watu wa mjini walioonekana hawana kazi wakakamatwa, wengine wakapelekwa vijijini. Mama akisikia mgambo wanakuja, sufuria ilibebwa ikiwa ingali ya moto. Nasi walimu, ambao mshahara wetu haukufika nusu ya mwezi, siku hiyo tulishinda na njaa.

Julai 2021 soko liliungua. Oktoba mwaka huo huo wachuuzi wakaondolewa tena barabarani. Baadhi ya waliopo leo wanapikia gesi na kulipwa kwa simu. Usafi umeongezeka, sikatai. Lakini juzi nilipomwambia binti mmoja mpishi, "N'tilie kidogo," aliniangalia kwa upole akauliza:

"Ya shilingi ngapi, babu?"