Doha Ilisoma Wapi Kabla ya Mafuta?

Wengi wetu tunaosoma Education City tunadhani elimu ya Doha ilianzia kwenye majengo haya, yaani baada ya Qatar Foundation kuundwa mwaka 1995. Hata sisi tulidhani hivyo, mpaka mmoja wetu alipomweleza bibi yake wa Unguja maana ya neno kuttab. Bibi akacheka: "Si chuo hicho!" Kwa bibi, chuo si chuo kikuu. Ni ukumbi wa mwalimu, jamvi, msahafu na bakora.

Na kweli, Doha ilikuwa na vyuo hivyo. Mji ulipokuwa bado wa wazamia lulu, watoto walisoma kwa mutawwa, nyumbani kwake au msikitini. Walisoma Qur'ani, kuandika na hesabu kidogo, na aliyehitimu alitembezwa mitaani kwa shangwe, sawa na khitma za kwetu. Wavulana wengi waliacha mapema wakaenda baharini na baba zao.

Shule iliyovuka kiwango hicho ni al-Athariya. Aliianzisha Sheikh Muhammad bin Abdulaziz al-Mana, mwanachuoni kutoka Unayza, aliyealikwa Doha na Sheikh Abdullah bin Jassim katika miaka ya 1910. Ilisomesha dini na lugha ya Kiarabu kwa zaidi ya miaka ishirini. Kisha lulu za kufugwa za Wajapani zikaua soko, watu wakahama kutafuta riziki, na mwishoni mwa miaka ya 1930 Sheikh mwenyewe akaenda Saudi Arabia. Shule ikafungwa. Ilikuwa ya mtu mmoja, na alipoondoka hakukuwa na wa kuishika.

Mafuta ya kwanza yalisafirishwa mwaka 1949. Karibu na wakati huo ikafunguliwa shule ya kisasa ya wavulana, al-Islah, na baadaye walimu wakaja kutoka Misri, Palestina na Syria. Hadithi hii inasimuliwa sana, hatuirudii.

Tunayetaka kumtaja zaidi ni Amna Mahmoud al-Jaida, aliyezaliwa mwaka 1913. Miaka mingi kabla serikali haijafikiria skuli ya wasichana, yeye alikuwa akiwafundisha nyumbani kwake. Wapo waliopinga mtoto wa kike kutoka kwenda kusoma. Lakini nyumba ya mwalimu ambaye mama mtu anamjua ni jambo jingine, na tunaamini ndiyo maana wasichana walipelekwa. Katikati ya miaka ya 1950 skuli rasmi ya kwanza ya wasichana ilipofunguliwa, ilikuta wanafunzi tayari, na mwalimu tayari. Al-Athariya ilikufa; chuo cha Bi Amna kiligeuka skuli.

Tumeyaandika haya kwa sababu na sisi tuna vyuo vyetu visivyo na kibao mlangoni. Waandishi wa makala hii hatukusoma Kiswahili darasani. Tulikipata jikoni kwa mama, kwenye simu za Ijumaa na bibi, na kwa shangazi mmoja aliyekataa kumjibu mtoto yeyote aliyemsemesha Kiingereza. Shangazi huyo amesharudi Mombasa, na wadogo zetu wanaelewa Kiswahili ila hawakisemi.

Kwa toleo lijalo, wanachama, tuandikieni: nani aliwafundisha Kiswahili, na katika chumba gani?