Sehemu ya 7: Nemeth, mzee wa hesabu za vidoleni

Tunaendelea na mfululizo wetu wa watu waliorahisisha maisha ya wagonjwa wetu bila kuwa madaktari wala manesi.

Leo naanza kwa kujishtaki. Mwezi uliopita tulimpokea wodini mzee mmoja mstaafu, haoni, kaletwa na binti yake. Nikamgeukia binti: "Dada, baba ametumia dawa saa ngapi?" Mzee akajibu mwenyewe: "Nesi, yaliyokufa ni macho. Masikio yangu mazima." Akatoa simu yake, ikamsomea kwa sauti kila kidonge na saa yake. Jamani, niliona aibu! Nilipotoka zamu nikaanza kutafuta habari za wasioona na mashine zinazosoma, ndipo nikakutana na Abraham Nemeth.

Alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1918, haoni tangu kuzaliwa. Alipenda sana hesabu, lakini washauri wa masomo wakamwambia hiyo si fani ya kipofu. Basi akasoma saikolojia mpaka shahada ya uzamili, Chuo Kikuu cha Columbia. Ajira ya fani yake? Hakuna. Akaishia kushona foronya. Mkewe, Florence, ndiye aliyemwamsha: kama kazi hakuna, si bora uikose ukiwa mwanahisabati? Akarudi darasani.

Huko kulikuwa na ukuta mwingine. Nukta nundu za Louis Braille zina nafasi 6 tu, zinazotoa alama 63. Kwa hiyo tarakimu huazima alama za herufi: 1 ni a, 2 ni b, ila mbele inawekwa alama ya namba. Kwenye barua haina shida. Kwenye aljebra, ambako herufi na namba zimechanganyika, ni vurugu tupu. Nemeth akazishusha tarakimu kwenye nukta za chini, kidole kikipita kinajua hapo hapo kuwa hii ni namba. Mfumo wake ulitoka mwaka 1952 na hadi leo unaitwa Nemeth Code.

Halafu kuna kusomewa. Mtu akikwambia "moja gawanya kwa x jumlisha mbili", hiyo mbili iko chini ya mstari au iko pembeni? Sisi manesi tunajua agizo lenye maana mbili linavyoweza kuua. Nemeth akatunga kanuni za kutamka wapi sehemu inaanza na wapi inaishia. Kanuni hizo, MathSpeak, leo zinatumika kwenye programu za kompyuta zinazosoma hesabu kwa sauti.

Mwaka 1955 akaanza kufundisha hesabu University of Detroit, akiandika ubaoni kwa mkono wake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, akikaribia miaka 50, akajifunza sayansi ya kompyuta, kisha akaanza kuifundisha hapo chuoni. Alistaafu mwaka 1985, ila nukta nundu hakuziacha. Alifariki Oktoba 2013, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 95.

Sasa nikuulize wewe unayesoma: ni nani walikaribia kumnyima huyu mtu maisha yake? Si watu wabaya. Ni watu wenye elimu na huruma, waliojibu kwa niaba yake. Kama mimi siku ile.

Siku ya kumruhusu yule mzee nilikaa kando ya kitanda, nikamsomea yeye maelekezo yote, neno kwa neno. Akaniuliza maswali matatu. Moja likanirudisha kwa daktari kuhakiki dozi, na kweli ikabadilishwa.

Kwa hiyo ukimhudumia mtu asiyeona, jitambulishe, mwambie kabla hujamgusa, na swali lake muulize yeye. Binti atasaidia akiombwa.

Tukutane sehemu ya 8, Mungu akipenda. Mimi naingia zamu ya usiku.